Kabla ya kufunga chujio la maji nyumbani, jua kwanza maji yako yana nini

Fedha za pamba zinapoingia mfukoni, kaya nyingi za Simiyu hufikiria kununua kitu cha kudumu: mabati, baiskeli, tangi, na siku hizi chujio la maji. Vyombo ni vya kila namna, kuanzia ndoo yenye chujio la kauri hadi mitungi mirefu inayofungwa kwenye bomba na kuitwa mashine ya kulainisha maji. Msikilizaji anayetaka kununua huuliza swali moja: kipi ni kizuri?

Jibu letu ni kwamba hakuna chombo kilicho kizuri kwa maji yote. Kila kimoja kimetengenezwa kuondoa kitu fulani na kuacha vingine. Kinachozuia vimelea vya kuhara kinaweza kuacha floridi yote ilivyokuwa. Kinacholainisha maji kinaweza kuyaongezea sodiamu. Mtu anaweza kumaliza fedha za msimu mzima, akamleta fundi mzuri, kazi ikafanyika vizuri, na bado meno ya watoto wake yakaendelea kubadilika rangi.

Kwa hiyo leo hatutaji chombo cha kununua. Tunaeleza kazi inayotakiwa kufanyika kabla fundi hajaitwa, maana hapo ndipo fedha huokolewa au hupotea.

Matatizo matano yanayofanana kwa macho

Maji ya mkoa wetu hayafanani. Wapo wanaochota malamboni, wapo wanaofukua mchanga wa mto ukiwa mkavu, wapo wenye visima vifupi vya kamba na ndoo, wapo wanaotegemea visima virefu vya pampu, na wapo wenye bomba. Tukisema tu kwamba maji ni mabaya, tunachanganya matatizo matano tofauti.

La kwanza ni tope. Hili linaonekana kwa macho, hasa kwenye malambo na mito. Tope hutulia maji yakikaa usiku mzima kwenye ndoo, na mengine huzuiwa na kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa au chujio la mchanga.

La pili ni vimelea vya magonjwa. Hivi havionekani. Maji yanaweza kung'aa na bado yakawa na kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara. Kipindupindu tunakijua hapa Simiyu, na mwaka 2024 kilitusumbua. Vimelea huuawa kwa kuchemsha maji hadi yatokote kwa nguvu, kwa dawa ya klorini kama WaterGuard ikitumika kwa kipimo kilichoandikwa, au huzuiwa na chujio zuri la kauri.

La tatu ni ugumu wa maji. Maji magumu yana madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu. Utayatambua kwa sabuni kutotoa povu, utando mweupe ndani ya sufuria, na maharage kukaa jikoni muda mrefu bila kuiva. Yanasumbua, yanakula sabuni na kuni, lakini ugumu wenyewe hauhesabiwi kuwa sumu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji ya kunywa.

La nne ni chumvi, yaani maji yenye ladha ya chumvi mdomoni. Watu wengi huita maji magumu pia kuwa ni ya chumvi, lakini hivi ni vitu viwili. Maji yanaweza kuwa magumu bila ladha yoyote ya chumvi.

La tano ni floridi. Hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, haiachi utando kwenye sufuria. Simiyu ni miongoni mwa mikoa yenye maeneo ambayo maji yake ya ardhini yana floridi nyingi, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga. Floridi hutoka kwenye miamba. Maji yanayokaa muda mrefu chini ya ardhi yakigusana na miamba ya aina fulani huiyeyusha polepole. Ndiyo maana kisima kirefu chenye maji meupe kinaweza kuwa na floridi nyingi kuliko lambo lenye tope.

Mambo haya matano yanaweza kuwepo mahali pamoja, au likawepo moja tu. Macho na ulimi vinaweza kukuonyesha tope, chumvi na dalili za ugumu. Vimelea na floridi, ambavyo ndivyo vinavyodhuru zaidi, vyote viwili vinajificha.

Mashine ya kulainisha inafanya nini hasa

Mashine ya kulainisha maji ni mtungi uliojaa punje ndogo za plastiki maalumu ziitwazo resini. Punje hizo zimebeba sodiamu. Maji magumu yanapopita, kalsiamu na magnesiamu hunaswa kwenye punje, na sodiamu huachiwa iende na maji. Punje zikishajaa huoshwa kwa maji yenye chumvi nyingi, kalsiamu hutolewa nje kwenye mfereji, na kazi huanza upya. Kwa sababu hiyo mashine hula chumvi kila baada ya muda, na kila mara humwaga maji machafu yenye chumvi.

Hapo kuna mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, mashine hii haiondoi floridi. Pili, haiui vimelea. Tatu, haipunguzi chumvi ya maji, na huongeza sodiamu. Kama nyumbani kuna mzee aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu, maji ya kunywa yasipitishwe humo kabla ya kumuuliza daktari.

Mashine hii ina kazi yake. Nyumba ya wageni yenye vifaa vya kuchemshia maji, hospitali inayofua mashuka mengi, au mwenye mtambo wa mvuke anaweza kupata faida kubwa, kwa sababu utando wa kalsiamu huziba mabomba na kuharibu vifaa. Kwa kaya ya kijijini yenye sufuria tatu na beseni la kufulia, faida hiyo ni ndogo kuliko gharama.

Kuna pia suala la msukumo. Mashine nyingi za aina hii huhitaji msukumo wa takriban bar moja na nusu na kuendelea ili zijisafishe vizuri. Tangi lililoinuliwa hutoa bar 0.1 kwa kila meta moja ya urefu. Tangi lililowekwa kwenye mnara wa meta 3, kama tunavyoona kwenye nyumba nyingi, linatoa bar 0.3 tu. Kupata bar moja na nusu kwa tangi peke yake kunahitaji mnara wa meta 15. Vinginevyo utahitaji pampu na umeme. Anayekuuzia bila kuuliza urefu wa tangi lako hajafikiria kama mashine itafanya kazi.

Floridi: kinachoharibika hakirudi

Tunaiweka floridi peke yake kwa sababu madhara yake hayafutiki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu kiwango cha juu zaidi kwa maji ya vijijini, maana kufunga kila chanzo kilichozidi kungewaacha watu wengi bila maji kabisa. Baadaye viwango vyetu vilishushwa kuelekea hicho cha kimataifa.

Anayeathirika zaidi ni mtoto. Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya fizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi miaka minane hivi. Floridi ikizidi katika kipindi hicho, meno hutoka yakiwa na madoa meupe, ya njano au ya kahawia, na mengine hukatika kirahisi. Mswaki hauondoi madoa hayo. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika: viungo hukakamaa, mgongo huuma, na baadhi ya watoto miguu hupinda.

Hapa kuna kosa linalofanyika kwa nia njema. Mama huchemsha maji ili kumlinda mtoto na kuhara, na anafanya vizuri, maana vimelea hufa. Lakini floridi haitoki kwa kuchemsha. Ukianza na lita nne zikabaki tatu, floridi iliyokuwa kwenye lita nne sasa iko kwenye tatu. Endelea kuchemsha kwa ajili ya vimelea, ila usihesabu kwamba umeondoa floridi.

Angalia na magadi. Magadi yanayowekwa kwenye maharage au mboga ili ziive haraka yanaweza kuwa na floridi nyingi, kutegemea yalikochimbwa. Katika eneo ambalo maji tayari yana floridi, kupunguza magadi kwenye chakula cha watoto ni hatua isiyogharimu hata shilingi moja.

Vyombo vya kupunguza floridi vipo. Kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya utafiti kwa miaka mingi kuhusu mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri kwa moto unaodhibitiwa, kisha husagwa kuwa chenga, na chenga hizo hunasa floridi maji yanapopita. Huko huko Arusha, Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo sana zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alipata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na chuo cha kifalme cha uhandisi cha Uingereza. Angalia wazo lenyewe la chujio hilo: maji ya mahali husika hupimwa kwanza, chujio hufuata.

Mkaa wa mifupa usitengeneze mwenyewe jikoni. Ukichomwa vibaya, maji hutoka na harufu na rangi, na floridi inabaki. Na hata ule mzuri huchoka. Chenga zikishajaa, maji huendelea kutoka meupe na matamu kama jana, lakini floridi inapita yote. Ndiyo maana chujio la floridi bila mpango wa kupima tena ni matumaini tu.

Hatua ya kwanza: pima

Anza kwa kuuliza. Chanzo chako kama ni cha umma, kina chombo cha watumia maji ngazi ya jamii kinachokisimamia, na juu yake yuko meneja wa RUWASA wa wilaya. Kwa mjini, ipo mamlaka ya maji. Waulize mambo matatu: kisima hiki kilipimwa lini, kilikutwa na floridi kiasi gani, na vimelea je? Inawezekana majibu yamekaa kwenye faili na hayajawahi kusomwa mkutanoni. Kuuliza hakugharimu kitu, na ni haki yako.

Kama kisima ni chako binafsi, Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji, zikiwemo za Mwanza na Shinyanga. Piga simu kwanza uulize bei na utaratibu, halafu taja unachotaka kipimwe: floridi, ugumu, chumvi, na vimelea. Usiseme tu "nipimieni maji", maana kila kipimo kina gharama yake.

Sampuli ya floridi na ugumu iwekwe kwenye chupa safi ya plastiki. Usitumie chupa ya kioo, kwa kuwa floridi hushikamana na kioo na kuvuruga kipimo. Pampu maji kwa dakika chache ili yaliyolala kwenye bomba yatoke, suuza chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, ijaze, funga, andika jina la chanzo, tarehe na saa. Sampuli ya vimelea ni tofauti: chupa yake hutolewa na maabara ikiwa imetakaswa, haisuuzwi, huwekwa penye ubaridi na inatakiwa ifike maabara ndani ya siku hiyo hiyo au saa 24.

Majirani watano wanaochota kisima kimoja hawahitaji vipimo vitano. Changeni, pimeni mara moja, jibu ni la wote.

Hatua ya pili: hesabu lita

Watu wengi hutaka chombo kikubwa kwa sababu wanafikiria maji yote ya nyumbani. Lakini floridi huingia kwa mdomo. Maji ya kuoga, kufua, kumwagilia na kunywesha ng'ombe hayana haja ya kupita kwenye chujio la gharama.

Chukua kaya ya watu saba. Kila mmoja akitumia lita tatu kwa kunywa na kupikiwa, jumla ni lita 21 kwa siku, yaani dumu moja la lita 20 na kikombe kikubwa. Hicho ndicho kiasi cha kusafisha. Chujio dogo linalotoa lita 21 kila siku bila kukosa ni bora kuliko mashine ya lita elfu inayosimama baada ya miezi mitatu kwa kukosa kifaa cha kubadilisha.

Bati lako linaweza kuwa jibu

Kabla ya kufunga chochote, hebu tupige hesabu ya paa. Maji ya mvua karibu hayana floridi wala ugumu, kwa sababu hayajapita kwenye miamba. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba hutoa lita moja. Nyumba ya bati yenye meta 6 kwa 8 ina meta za mraba 48. Mvua moja nzuri ya milimita 25 inaangusha hapo lita 1,200. Tukitoa inayoruka na kupotea, tuseme robo hivi, zinabaki lita 900. Mvua tano au sita za namna hiyo zinajaza tangi la lita 5,000.

Sasa gawanya 5,000 kwa lita 21 za kila siku. Unapata siku 238, karibu miezi minane. Kiangazi chetu, kuanzia Juni hadi Oktoba, kina siku zisizozidi 155. Maana yake ni kwamba tangi moja, likitumika kwa kunywa na kupika tu na kufungwa kwa kufuli, linaweza kumvusha mtoto msimu wote bila kunywa maji ya kisima chenye floridi.

Fedha za tangi zikikosekana, kuchanganya nako kunasaidia. Kisima chenye miligramu 3 za floridi kwa lita, ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua, unapata miligramu 1.5. Lakini hesabu hii huwezi kuifanya kama hujui kisima chako kina ngapi, kwa hiyo tunarudi kwenye kupima.

Maji ya mvua nayo yana masharti. Mvua ya kwanza inaosha vumbi na kinyesi cha ndege, iache ipite pembeni. Weka wavu kwenye mdomo wa tangi, funika lisiingie mwanga wala mbu, na chota kwa koki, si kwa kopo. Kisha tibu kwa klorini au chemsha, kwa sababu vimelea vinaweza kuwemo.

Ukiamua kufunga: maandalizi kabla ya fundi

Vipimo vikishaonyesha kwamba unahitaji chombo cha kufunga kwenye bomba, andaa mambo haya.

Mahali. Chagua kivuli, sakafu ngumu na iliyo sawa. Jua kali huharibu plastiki na kuotesha ukijani ndani ya maji. Mtungi uliojaa maji na punje ni mzito, usiuweke juu ya meza ya mbao. Acha nafasi ya mtu kuinama na kufungua, maana siku ya matengenezo itafika.

Mpangilio. Maji yaanze kutulia kwenye tangi, yapite kwenye chujio la kuzuia mchanga na tope, ndipo yaingie kwenye chombo kikuu. Tope likiingia moja kwa moja kwenye resini au mkaa, huziba na kuua chombo mapema. Tangi lioshwe kabla ya siku ya kufunga, usije ukachuja uchafu wa miaka mitano.

Njia ya pembeni. Mwambie fundi aweke valvu zinazoruhusu maji kupita bila kuingia kwenye chombo. Chombo kikiharibika hutakosa maji ya kuoga. Bomba la bustani na la mifugo litoke kabla ya chombo.

Mfereji wa maji machafu. Chombo kinachojisafisha humwaga maji. Kama ni mashine ya kulainisha, maji hayo yana chumvi nyingi. Yakielekezwa kwenye mchicha au mgomba, ardhi itaharibika. Yakielekezwa karibu na kisima, unakichafua mwenyewe. Andaa shimo la kokoto mbali na bustani na kisima.

Koki ya kunywa. Iwe moja, ijulikane na kila mtu, hata mtoto. Bila alama, mtoto atakunywa popote.

Daftari. Andika tarehe ya kufunga, tarehe ya kubadilisha kifaa, na siku ya kupima tena maji yaliyochujwa. Maji yanayotoka ndiyo yanayotoa ushahidi kwamba chombo kinafanya kazi.

Na bajeti. Muulize muuzaji: kifaa cha kubadilisha kinauzwa wapi, shilingi ngapi, kila baada ya miezi mingapi? Kinapatikana Bariadi, au mpaka Mwanza? Bei ya dukani ni mahari tu. Ndoa yenyewe ni matunzo. Ukizidisha bei ya kifaa kwa mwaka mzima na ukaona hutaweza, bora usianze, uweke fedha kwenye tangi la mvua.

Wasiohitaji bomba wana njia zao. Chujio la mchanga la nyumbani hufanya kazi vizuri kwa tope na vimelea, mradi mchanga ubaki umefunikwa na maji ya kina cha sentimeta 5 hivi, kwa sababu juu ya mchanga huota utando hai unaokula vimelea. Utando huo huchukua wiki mbili hadi nne kukomaa, kwa hiyo usiyaamini maji ya wiki ya kwanza, yatibu kwanza. Chujio la kauri lisafishwe kwa brashi laini, na likipata ufa litupwe. Lakini yote mawili hayaondoi floridi.

Jihadhari na maonyesho ya kuuza

Kuna mtindo wa biashara unaotumika nchi nyingi. Muuzaji hutumbukiza kifaa chenye vyuma na umeme kwenye bilauri ya maji yako, na ndani ya dakika maji yanageuka kahawia. Anasema huo ndio uchafu unaokunywa. Ukweli ni kwamba rangi ile hutokana hasa na chuma cha kifaa chenyewe kinachoyeyuka kwa umeme. Maji yenye madini, hata yawe salama, yatageuka. Maji yaliyoondolewa madini hayatageuka, hata yawe na vimelea.

Mwingine hutumia kalamu yenye namba. Kalamu hiyo hupima jumla ya chumvichumvi zilizoyeyuka. Haijui ipi ni floridi, na haioni kimelea hata kimoja. Namba ndogo haimaanishi maji salama. Mwombe muuzaji cheti cha maabara kinachoonyesha chombo chake kimepunguza floridi kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, baada ya kuchuja lita ngapi. Angalia na alama ya TBS. Akikwepa swali, asante na kwaheri.

Maji ya ziwa yakija

Hesabu hii ina upande wa serikali. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, kwa ushirikiano na serikali yetu na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Mpango unaanzia Busega, unafika Bariadi na Itilima, na awamu inayofuata ni Maswa na Meatu.

Maji ya Ziwa Victoria ni laini, na floridi yake ni ndogo. Yakifika bombani kwako, mashine ya kulainisha haina kazi tena. Kwa hiyo anayetaka kununua mtambo wa gharama leo ajiulize bomba liko wapi. Aliye karibu na njia ya bomba ana sababu ya kununua kitu kidogo cha kuvukia. Aliye mbali, hasa Meatu na Maswa, asiambiwe asubiri tu, maana mtoto wa miaka miwili leo atakuwa na meno yake yote ya mbele kabla awamu nyingi hazijakamilika. Kufika kwa bomba wilayani ni jambo moja, kufika kwenye kitongoji chako ni lingine.

Ndiyo maana hatutaki habari ya machujio ya nyumbani igeuzwe kuwa jibu la kila kitu. Kaya yenye fedha itanunua chombo, itapima, itabadilisha kifaa. Jirani yake mwenye watoto wadogo na shamba lililokosa mvua atabaki na kisima kile kile. Kisima cha umma kikipimwa na kukutwa na floridi nyingi, watakaosaidiwa ni watu wote wanaochota hapo: kitawekewa alama, kitatengwa kwa kufulia na mifugo, na kingine kitafutwe kwa kunywa, au shule na zahanati zijengewe matangi ya mvua. Hayo huamuliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na kijiji hakiwezi kuamua kuhusu namba ambayo hakijasomewa.

Kwa hiyo msikilizaji wetu, kazi ya wiki hii ni ndogo na haihitaji fundi wala mkopo. Mtafute katibu wa chombo cha maji cha kijiji chako, umuulize floridi ya kisima chenu ni ngapi na ilipimwa mwaka gani. Jibu likiwepo, litaandika lenyewe orodha ya vitu vya kununua. Lisipokuwepo, swali hilo lipelekwe kwenye mkutano ujao, na lisiulizwe na mtu mmoja.